Beatles, ABBA au Beach Boys: nani akufundishe kodi za muziki na utunzi?

Mpiga gitaa au kinanda aliyekulia kwenye kwaya au muziki wa dansi huwa na kodi tatu (kodi ni nota kadhaa zinazopigwa kwa pamoja) vidoleni hata kabla hajajua majina yake: ya kwanza, ya nne na ya tano. Kwenye kii ya C, yaani wimbo ambao nyumbani kwake ni C, ni C, F na G. Kwa hizo tatu anapiga ibada nzima, na harusi anaifikisha alfajiri. Shida humpata siku anapotaka kutunga wimbo wake mwenyewe. Kila anachokianza kinafanana na cha jana, na hajui amekwama wapi. Wengi hapo hukimbilia jazi, wanakutana na kodi kumi ngeni kwa mpigo, wanakata tamaa.

Ushauri wangu ni kupitia kwanza kwa bendi za pop za zamani. Mule kodi ngeni hupandwa moja moja katikati ya kodi unazozijua, kwa hiyo sikio linapata nafasi ya kuikamata. Swali ni uanze na bendi gani, kwa sababu kila moja inafundisha kitu chake. Hapa nawalinganisha Beatles wa Liverpool na ABBA wa Stockholm kwa kirefu, kisha Beach Boys wa California kwa ufupi, hao hasa kwa ajili ya watu wa kwaya. Mifano mingi nimeihamishia kwenye kii ya C, hata pale rekodi ilipo kwenye kii nyingine, ili uweze kuijaribu hapo hapo ulipo.

Beatles: njia nyingine za kurudi nyumbani

John Lennon na Paul McCartney hawakuwa wasomaji wa nota. Kodi waliziokota moja baada ya nyingine. McCartney amesimulia jinsi walivyopanda basi kuvuka mji wa Liverpool kumfuata mtu waliyesikia kwamba anaijua B7. Wakafundishwa, wakarudi nayo. Baadaye, kati ya 1960 na 1962, wakapiga kwenye vilabu vya Hamburg usiku kucha, nyimbo za kila aina za watu wengine, na kila wimbo ukawaachia kitu mkononi. Ukizisikiliza nyimbo zao za mwanzo kwa makini unaiona tabia hiyo: kuna kodi moja wameipenda, na wimbo mzima umepangwa ili kodi hiyo ipate mahali pa kukaa.

Chukua In My Life, ya 1965. Kwenye C, mwanzo wa ubeti unakwenda hivi: C, G, Am, C7, F, Fm, C (herufi tupu ni kodi ya meja, m ni maina, yenye sauti ya huzuni, na 7 ni nota moja ya ziada). Mpaka kwenye F, mtu wa kwaya haoni jipya. Halafu F meja inageuka F maina. Nota moja tu ndiyo iliyosogea: la (kwenye C, do ni C) imeshuka nusu toni, ikawa la flati, na nusu toni nyingine inaifikisha kwenye so, ambayo imo ndani ya C. La, la flati, so. Ipige kwanza kwa kidole kimoja, polepole, mara kadhaa. Kisha weka kodi kamili. Utasikia huzuni imepita katikati ya wimbo mtulivu kwa muda mfupi tu, ikaondoka. Fm hiyo haimo kwenye skeli, yaani ngazi ya nota, ya C meja. Imeazimwa kutoka C maina.

Angalia pia kitu kingine hapo: wamerudi C bila kupita G. Kwetu sisi tuliozoea kodi tatu, G ndiyo njia pekee ya kurudi. Beatles wana njia nyingi. Mwisho mrefu wa Hey Jude, ule ambao umati unaimba, ni C, B flati, F, C, mzunguko huo huo mpaka wimbo unafifia (rekodi yenyewe iko F). B flati nayo si ya skeli, na hapo tena hakuna G. Wimbo una zaidi ya dakika saba, na sehemu hiyo peke yake ni zaidi ya nusu yake, lakini haichoshi. Mtunzi anayelalamika kwamba nyimbo zake zote zinaishia mahali pamoja aanze na mizunguko hii miwili.

George Harrison naye asisahaulike. Kwenye Something, ya 1969, ubeti unaanza C, kisha C yenye ti ndani yake, kisha C7, kisha F. Fuata nota ya ndani: do, ti, ti flati, la. Mkono wa kushoto kwenye gitaa karibu haujasogea, lakini kuna sauti inashuka ngazi. Kisha kipande cha kati kinahamia kii ya A meja bila kubisha hodi, kikarudi C kana kwamba hakikutoka. Ukiweza kueleza kwa maneno yako mwenyewe jinsi walivyotoka na walivyorudi, umejifunza kuhama kii.

Kwa wale wenzangu wa kinanda wanaopiga kila wimbo kwa C na kubonyeza kitufe cha transpozi, kinachohamisha kii chenyewe, Penny Lane ya 1967 ni dawa. Beti ziko kii ya B, kiitikio kinashuka hatua nzima kwenda A. Watunzi wengi hupandisha kiitikio ili kiwake. Hawa wamekishusha, na bado kinang'aa. Wanakipandisha kwenda B mara ya mwisho tu, na hapo unasikia tofauti mwilini kabisa. Huwezi kuufurahia wimbo huo kwa kitufe. Lazima mkono ujue.

Beatles wana ugumu wao. Vipimo vyao, yaani mafungu ya mapigo, havihesabiki kirahisi. Ubeti wa Yesterday una vipimo saba mahali ambapo sikio linangoja vinane, na anayeanza kujifunza huongeza kimoja bila kujua, wimbo ukapinda. Tena kuanzia 1966, mwaka walioacha kufanya ziara na kujifungia studio ya Abbey Road na mtayarishaji wao George Martin, nyimbo kadhaa zinasimama zaidi kwa ufundi wa kurekodi kuliko kwa kodi. Tomorrow Never Knows inakaa karibu yote juu ya C moja. Ni kazi kubwa, lakini kwa anayetafuta kodi haina mengi ya kumpa. Iache kwa baadaye.

ABBA: kiitikio, na kila pengo lina wimbo wake

Watu wengi huwadharau ABBA kwa sababu nyimbo zao ni tamu na zinachezwa kwenye sherehe. Mimi naona wanawaonea. Ndani ya utamu huo kuna ufundi wa kodi ambao haupungui hata kidogo ule wa Liverpool, tofauti ni kwamba umefichwa vizuri zaidi.

Benny Andersson na Björn Ulvaeus walitunga wakiwa na kinanda na gitaa, mara nyingi kwenye kijumba kisiwani Viggsö, nje ya Stockholm. Baba na babu yake Benny walikuwa wapiga akodiani, na muziki wa kijijini wa Sweden una huzuni fulani isiyokauka hata wimbo ukiwa wa kucheza. Huzuni hiyo ndiyo iliyo chini ya karibu kila wimbo wa ABBA. Ushindi wao wa Eurovision, shindano la nyimbo la Ulaya, kule Brighton, Aprili 1974, waliupata kwa Waterloo, ambao ni wa furaha tupu. Kilichofuata ndicho chenye masomo.

SOS ya 1975 iko wazi kuliko zote. Ubeti ni maina, D maina kwenye rekodi, na kinanda kinatembea peke yake chini ya sauti ya Agnetha Fältskog. Kiitikio ni F meja. Kii hizo mbili ni ndugu, zina nota zile zile, kwa hiyo kwenye C utapiga ubeti kwa Am na kiitikio kwa C. Hakuna kilichopandishwa, hakuna kitufe kilichobonyezwa, lakini kiitikio kinapoingia ni kama dirisha limefunguliwa. Halafu, kabla ya mstari wa mwisho kutua, wanapita kodi mbili ambazo hazikutarajiwa: A flati, B flati, kisha C. Utakumbuka kwamba B flati tulikutana nayo mwishoni mwa Hey Jude. Ni ufundi ule ule wa kuazima kutoka maina, ila Beatles wanauzungusha uuone, na ABBA wanaupitisha haraka ukiwa umeshikwa na maneno.

Sasa njoo Dancing Queen, ya 1976. Jambo la kwanza: wimbo unaanza katikati ya kiitikio. Hawakungoja ubeti. Msikilizaji anaingizwa mahali penye utamu, ndipo anarudishwa nyuma kusimuliwa. Jambo la pili ni kodi za kipande hicho, ambazo kwenye C ni G, E7, Am, D7, F, Dm, C. Tazama E7: ndani yake mna so shapu, nota isiyo ya skeli, na inasukuma kwenda la, kwa hiyo Am inapoingia unapumua. Ikaja D7, yenye fa shapu. Kila sikio lililozoea muziki wa kanisani linajua D7 inaahidi G. Lakini inakuja F. Fa shapu imeshuka ikawa fa ya kawaida, ahadi haikutimizwa, na badala ya kukasirika unayeyuka. Kwangu hapo ndipo penye siri ya wimbo huo, na ukitaka kuhakikisha, upige ukiweka G baada ya D7. Utakuwa wimbo wa kawaida kabisa.

Somo jingine la ABBA sijaliona kwa bendi nyingine kwa kiwango hicho: hawaachi pengo. Sauti inapokoma mwisho wa mstari, kinanda au gitaa hujibu kwa kipande kifupi ambacho nacho unaweza kukiimba. Mwanzo wa Mamma Mia ni mfano mdogo na mzuri. Kodi ni moja tu, lakini nota yake moja inapanda nusu toni na kurudi: so, so shapu, so, so shapu, na marimba juu yake. Hakuna hata neno lililoimbwa, na tayari unaujua wimbo. Jaribu zoezi hili: imba wimbo wao wowote ukiruka sauti za waimbaji, uimbe vyombo tu. Ukishindwa kufanya hivyo na wimbo wako mwenyewe, basi unajua kazi ipo wapi.

Na kwa anayetaka wimbo mrefu bila kodi mpya, kuna The Winner Takes It All ya 1980. Una vipande viwili vya sauti vinavyopokezana, hakuna kipande cha kati, na kodi zinazunguka zile zile. Kinachokua ni vyombo vinavyoongezeka na kupungua, na namna Agnetha anavyoubeba mstari. Ni somo la uvumilivu katika utunzi.

Ugumu wa ABBA ni kuwasikia. Mhandisi wao Michael B. Tretow alikuwa akirekodi chombo kile kile mara mbili, tena kwa kasi ya mkanda iliyobadilishwa kidogo, ili sauti iwe nzito. Matokeo yake ni ukuta mzuri sana, lakini ukiwa na simu na spika ndogo huwezi kutenga besi na mkono wa kushoto wa kinanda. Tafuta spika za masikioni zilizo nzuri kiasi, usikilize besi peke yake mara ya kwanza. Na mtu mwenye gitaa peke yake atauona wimbo wa ABBA mwembamba, kwa sababu nusu ya wimbo iko kwenye majibu ya vyombo na kwenye sauti mbili za akina dada wanaoimba pamoja.

Maneno, na mkazo wa Kiswahili

Hapa ndipo ulinganisho unapotugusa sisi wenyewe. Beatles ni walimu wazuri wa kusimulia. She Loves You ya 1963 inasimuliwa na mjumbe anayempa rafiki yake habari za mpenzi wake, na si na mpenzi mwenyewe. Eleanor Rigby ya 1966 inabeba habari za wapweke wa mji mzima juu ya kodi mbili, Em na C, na vyombo vinane vya nyuzi, vayolini na wenzake. Ni jibu tosha kwa anayedhani wimbo wenye kodi chache ni wimbo maskini.

Lakini maneno ya Kiswahili yana mkazo kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, na yanaishia na irabu. Mistari mingi ya Beatles inatua kwa kishindo kwenye silabi ya mwisho, nota moja nzito, basi. Ukitunga kwa kufuata sauti ya namna hiyo na kuweka Kiswahili, neno linavunjika: unajikuta unaimba "mpenZI" au "safaRI", na msikilizaji anahisi kuna kitu kimekaa vibaya hata kama hawezi kukitaja. Sasa tamka Fernando, Chiquitita, Mamma Mia. Mkazo uko pale pale tunapouweka sisi, na nota ya mwisho ni nyepesi, inashuka baada ya ile nzito. Sauti za aina hiyo zinavaa Kiswahili bila kushonwa upya. Waswidi hawa waliandika pia kwa Kiingereza chepesi, lugha ya kujifunza, na wakachagua maneno kwa jinsi yanavyosikika mdomoni. Mtunzi wetu ana sababu ya kuwaangalia kwa jicho hilo.

Beach Boys, kwa mwenye sauti nne

Brian Wilson, mtunzi wao mkuu aliyefariki Juni 2025, alijifunza kupanga sauti kwa kusikiliza kundi la waimbaji la Four Freshmen na kuzitafuta sauti zao moja moja kwenye piano. Sikio lake la kulia karibu halikusikia kabisa. Albamu yake ya Pet Sounds, Mei 1966, aliitunga akiwa amechochewa na Rubber Soul ya Beatles, na Beatles nao wakaisikiliza kabla ya Sgt. Pepper ya 1967. McCartney amesema zaidi ya mara moja jinsi anavyoipenda God Only Knows, wimbo wa albamu hiyo.

Ugumu wa wimbo huo ni besi. Mara nyingi besi haikai kwenye nota yenye jina la kodi. Kodi inaweza kuwa C, besi ikawa mi au so, na wimbo mzima unaelea, hujui nyumbani ni wapi. Mwalimu wa kwaya anayewaandikia besi wake do, fa na so kila siku atapata hapo dunia nyingine. Lakini si mahali pa kuanzia. Aanze na The Warmth of the Sun, ya 1964, ambayo ubeti wake unafungua na C, Am, E flati, Cm. Kodi mbili za kwanza kila mwanakwaya anazijua. Mbili zinazofuata zimetoka kwenye kii nyingine kabisa, lakini so imo ndani ya E flati na Cm zote mbili, kwa hiyo kuna sauti moja inayoweza kushikilia so wakati wengine wanahama.

Tahadhari kuhusu kodi za mtandaoni

Karatasi nyingi za kodi zinazosambaa zimerahisishwa. Zinaacha kodi ya kupita, haziandiki besi, na mara nyingine ziko kii isiyo ya rekodi. Yesterday, kwa mfano, inasikika F, lakini McCartney anapiga maumbo ya G kwa sababu gitaa lake limeshushwa hatua nzima. The Winner Takes It All iko G flati, na karatasi nyingi huiandika G. Karatasi ikupe mwanzo tu. Palipo na shaka, tafuta besi kwa sikio, kisha ujenge kodi juu yake.

Basi uchague nani?

Mwenye gitaa peke yake, anayeimba mwenyewe, na ambaye nyimbo zake zinakwama kwenye C, F na G: Beatles, bila kusita. In My Life kwanza, kisha mwisho wa Hey Jude, kisha Something. Usiguse nyingine mpaka uweze kupiga hizo tatu kwenye kii mbili tofauti.

Mwenye kinanda, au aliye na mwenzake wa kuimba naye, ambaye kodi anazo za kutosha lakini viitikio vyake havikai kichwani mwa watu: ABBA. Aanze na SOS kwa sababu unasikika wazi, halafu Dancing Queen. Na kama unatunga kwa Kiswahili na hujui uko upande gani, mimi nakwambia ABBA pia, ingawa najua walimu wengi wa gitaa watasema Beatles. Sababu yangu ni ule mkazo. Kodi za Beatles unaweza kuziazima baadaye ukazitia kwenye sauti yako. Sauti iliyokwishazoea kutua mahali pabaya ni kazi kuirekebisha.

Mwalimu wa kwaya aende Beach Boys kwa wimbo mmoja tu, The Warmth of the Sun, na aupange kwa sauti nne bila vyombo. Tena awape alto ile so ya kushikilia, wasisogee mpaka Cm imalizike.